Kesi iko kwa nani?

Sisi watu wa Bushi, tukisikia jirani ameitwa tribinali, hatuulizi kwanza ameiba nini ao amemukosea nani. Tunauliza: "Kesi iko kwa nani?" Wageni wanafikiri ni tabia ya kutafuta mlango wa nyuma. Hapana. Swali hilo lilikuwako kabla ya tribinali ya Leta, na katika kijitabu hiki ambamo tumezoea kusoma juu ya mahari na matanga, tumeona vema kuligusa.

Zamani matata ya nyumba yalimalizwa na mukubwa wa jamaa. Yakimushinda, yalipelekwa kwa murhambo, mwenye kutawala kilima kwa jina la Mwami, na mwisho kwa Mwami mwenyewe. Hakuna aliyegawa kesi: mahali shamba lilipo ndipo palichagua mwamuzi. Pembeni ya murhambo waliketi bashamuka, wazee wenye heshima, na kila mutu aliwaona usoni. Mwenye undugu na upande mmoja hakuweza kujificha, kwa sababu kijijini tunajua nani alioa wapi. Aliweza kusema, lakini maneno yake yalipimwa kama maneno ya ndugu. Kasiksi iliyoletwa ilinywewa mbele ya wote. (Ingine ilifika usiku, tusidanganyane.)

Lakini barza ile ilikuwa na tundu kubwa, na wale wanaoisifu sana hupenda kuliruka. Tuchukue kalinzi. Mutu anatoa ng'ombe kwa Mwami ao kwa murhambo, mbele ya mashahidi, anapewa shamba, yeye na watoto wake baada yake. Sasa, ikiwa murhambo mwenyewe anageuka na kusema ng'ombe ile hakuiona, utamushitaki kwa nani? Wabelgiji hawakuziba tundu hilo. Dekreti ya 15 Aprili 1926 ilipanga tribinali za desturi, na chefu akawa prezida wa tribinali ya sheferi yake. Aliyegawa mashamba njo alihukumu kesi za mashamba. Na bashamuka wote walikuwa wanaume: mjane alisemewa na shemeki, hata kama shemeki njo aliyemunyanganya.

Leo kesi ndogo za raia zinaanzia tribinali ya amani, ile tunaita tripaix. Sheria namba 13/011-B ya 11 Aprili 2013 ndiyo inaipanga. Mashitaka yanafika kwa grefye, anayaandika katika rejista na kuyapa namba: RC kama ni mambo ya kiraia, RP kama ni ya makosa ya jinai. Halafu prezida wa tribinali, ambaye sheria inamupa kazi ya kugawa kazi, anatuma dosie kwa juji fulani. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 19, inasema mutu hawezi kuondolewa kwa nguvu mbele ya mwamuzi ambaye sheria imemupatia. Tukifundisha kifungu hicho katika somo la uraia, wanafunzi wananyamaza kidogo, kisha mmoja anainua mkono: "Mwalimu, na bahasha je?"

Tunacheka, lakini mtoto anaona vizuri. Sheria inachagua tribinali wazi wazi, kwa mahali na kwa aina ya kesi. Ndani ya nyumba ile, kati ya juji huyu na yule, ni kalamu ya mutu mmoja. Hatusemi kalamu hiyo ni mbaya. Juji mmoja anagonjwa, mwingine amehamishwa, wa tatu amejaa dosie hadi kichwani. Lazima mutu agawe. Ubaya ni kwamba haisemwi. Kwenye barza uliona nani ameketi na ulijua kwa nini. Huku unasikia tu dosie imehama, basi watu wanajijazia wenyewe: imeuzwa.

Shangazi yetu, mjane, alipitia njia hiyo. Ndugu ya marehemu bwana yake aliuza sehemu ya shamba la kalinzi, naye akaenda kushitaki. Baada ya vikao viwili aliambiwa dosie iko kwa juji mwingine. Akauliza sababu. Grefye akamujibu kwa upole: "Prezida njo anagawa, mama." Kesi ikaanza upya, na mashahidi wazee wakashuka tena mlima kwa miguu.

Kwa kuwa kalinzi ni jambo la desturi, juji hakuketi peke yake. Sheria inataka, pahali desturi inatumika, wazee wawili wanaoijua waketi naye. Shangazi aliwatazama, akasimama mbele ya kusemeshwa: "Bwana juji, ule muzee alioa kwao na mupinzani yangu." Avoka akamuvuta nguo. Kukataa mwamuzi kwa sababu ya ujamaa, wa damu ao wa ndoa, ni haki ya kila mwenye kesi, lakini inatolewa kwa grefye na kuandikwa, si kwa kupaza sauti.

Mbele grefye hajashika kalamu, muzee mwenyewe aliinuka. Akasema ni kweli, na kwamba hata kwenye barza ya baba yake asingeketi katika kesi hiyo. Akachukua kofia yake, akatoka. Hakukuwa na muzee mwingine siku ile, kesi ikaahirishwa majuma matatu. Njiani kurudi, mashahidi walilalamika juu ya magoti yao. Shangazi yeye alikuwa anauliza jina la muzee atakayekuja, na anatoka kilima gani.