Kuita Mpira

Nilipoanza sekondari mwishoni mwa miaka ya 1990, mpira wa wavu kwetu Mabawa, Tanga, ulikuwa mchezo wa warefu. Uwanja ulikuwa mchanga mtupu, mistari tukichora kwa majivu, na wavu wenyewe ulikuwa jarife kuukuu kutoka kwa wavuvi wa Deep Sea. Mwalimu wetu alikuja na futi ya fundi seremala, akapima kimo cha wasichana, mita 2.24, na hakukubali pungufu hata ya kidole. Mimi mfupi niliruka, nikaishia kuuona ukingo wa wavu kwa chini.

Siku hizo, isipokuwa katika seti ya tano, timu ilipata pointi pale tu ilipoanzisha mpira yenyewe. Mpigaji akitoa nje, timu yake ilipoteza zamu, basi. Mwaka 1998 shirikisho la dunia likabadili sheria: katika seti zote kila mpira ukawa na pointi yake, seti zikaenda hadi 25, ya tano 15. Mwaka huohuo akaingizwa libero, mchezaji wa nyuma mwenye jezi ya rangi tofauti, ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa. Habari zilipotufikia, mwalimu alinipa fulana nyeupe katikati ya jezi za bluu. Nikapata nafasi.

Kupokea kunaumiza. Unakunja magoti, unaunganisha mikono, mpira unautaka utue juu kidogo ya kifundo cha mkono, si viganjani, na miguu ndiyo inayouinua. Jioni mikono ilikuwa myekundu, na bibi alinichua kwa mafuta ya nazi akiguna, "Mjukuu wangu, mchezo gani huu wa kupigwa?" Lakini hakunikataza kurudi.

Kigumu kuliko maumivu kilikuwa sauti. Nilikuzwa nikiambiwa mtoto wa kike hapazi sauti, na mpira uliposhuka kati yangu na mwenzangu tulitazamana mpaka ukadondoka. "Binti, mpira usioitwa hauna mwenyewe," mwalimu aliniambia. Nilianza kwa kunong'ona. Kufikia kidato cha tatu, nikiita "Wangu!" wapita njia waligeuka. Sauti hiyohiyo nilikwenda nayo darasani. Nikawa nanyoosha mkono kwenye hisabati mbele ya wavulana, na nikikosa naendelea kuuliza.

Mwaka 2000 wasichana wa Kenya, majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, walicheza Olimpiki ya Sydney. Kwetu sisi ilikuwa habari kubwa mno: wasichana wa Afrika Mashariki wamefika kule kwa mchezo huuhuu.

Leo nakutana na wazazi wanaohofia kwamba mazoezi yatamharibia binti masomo. Wazazi wenzangu wa Mabawa, Makorora na Ngamiani, binti yenu akiwaomba abaki uwanjani mpaka saa kumi na mbili jioni, mruhusuni. Na siku ya mechi nendeni mkamsikie anavyoita mpira.