Sura 117 Baada ya Isha

Kitabu kilipowekwa juu ya meza katika ukumbi wa madrasa, mzee mmoja wa kamati yetu alikinyanyua kwa mikono miwili, akakipima uzito, kisha akaniuliza: “Katibu, hiki ni kitabu au ni tofali lililobaki kwenye ujenzi?” Watu wakacheka. Nami nilicheka, ingawa neno hilo la ujenzi lilinichoma mahali ambapo hakuna aliyepaona. Sababu yake nitaieleza mbele.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya Mfaransa Alexandre Dumas, Le Comte de Monte-Cristo, kwa tafsiri ya Kiingereza. Ina sura 117, na nakala yetu ilizidi kurasa 1,200. Ilitoka kwanza gazetini mjini Paris, kipande baada ya kipande, kuanzia mwaka 1844 hadi mwanzoni mwa 1846. Mimi nilikuwa nimesoma mukhtasari wake wa Kiarabu nilipokuwa chuoni, kijitabu chembamba ambacho mtu hukimaliza kati ya Alasiri na Magharibi, na tangu hapo nilitamani kukijua kizima.

Fikra ya kukisoma pamoja ilizaliwa baada ya Idi. Mwezi mzima wa Ramadhani ukumbi ulijaa watu wa darsa, wake kwa waume, wazee kwa vijana. Ulipoingia Mfungo Mosi tukabaki na mikeka mitupu, na vijana wakarudi barazani, kila mmoja ameinamia simu yake. Nikaiomba kamati ruhusa ya kikao kimoja kila Jumatatu, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne kasorobo usiku, tusome kitabu kirefu kwa taratibu ileile ya darsa: mmoja asome, afasiri kwa Kiswahili, wengine waulize.

Pingamizi zilikuja mbili. Ya kwanza ni kwamba riwaya ni uwongo uliopambwa, na umri wa Muislamu una kazi nyingine. Hilo Maalim wetu alilijibu kwa upole. Alikumbusha kuwa Maqamat ya al-Hariri imesomwa na kufundishwa na wanavyuoni kwa karne nyingi, na shujaa wake, Abu Zayd wa Saruj, ni mtu wa kubuni tena mjanja wa kutupwa. Watu walijifunza lugha kwake, na tabia za wanadamu pia. Pingamizi ya pili ilitoka kwa mzee asomaye historia. Alisema babake mwandishi, Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, aliingia Misri mwaka 1798 katika jeshi la Napoleon, jeshi lililoingiza farasi ndani ya Msikiti wa al-Azhar wakati wa uasi wa Cairo. Ni kweli, na sikuificha. Nilichoongeza ni kwamba jenerali huyo alizaliwa mwaka 1762 katika kisiwa ambacho leo kina nchi ya Haiti, mama yake akiwa mtumwa mweusi; na kwamba alipokuwa akirudi kutoka Misri alikamatwa Taranto, kusini mwa Italia, akafungwa karibu miaka miwili na kutoka akiwa amevunjika afya. Alifariki mwanawe hajatimiza miaka minne. Mtoto huyo alipokua akaandika habari za mtu aliyefungwa kwa dhulma. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi someni. Lakini mimi nitakaa mlangoni.” Alikaa mlangoni wiki tatu, ya nne akasogea mbele kwa sababu, alidai, masikio yake hayakuwa mazima.

Tulianza watu kumi na saba. Nakala ya karatasi ilikuwa moja; wengine walisoma katika simu, maana kitabu cha zamani kama hicho hupatikana bure. Akina mama walikaa upande wao wa ukumbi. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja asiyejua Kiingereza hata neno, na ndiye aliyeikumbuka hadithi kuliko sisi sote. Neno “comte” lilitusumbua kulifasiri, kwani ni cheo cha ukabaila wa Ulaya. Bibi akakata shauri: “Huyo ni Mwinyi.” Tangu siku hiyo hatukumwita vingine.

Kwa asiyeijua hadithi, kijana Edmond Dantès ni baharia wa Marseille. Mwaka 1815, akiwa na miaka kumi na tisa, anakaribia kuwa nahodha na kumwoa mchumba wake Mercédès. Danglars anauonea wivu unahodha, Fernand anamtaka mchumba. Danglars anaandika barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto ili hati yake isijulikane, kwamba Dantès ni mjumbe wa siri wa Napoleon, Fernand anaifikisha. Dantès anakamatwa mezani, katika karamu ya posa yake. Villefort, mwendesha mashtaka, anatambua kuwa kijana hana hatia, lakini kumwachia kungemhatarisha yeye mwenyewe kwa ajili ya siri ya babake, basi anamzika hai katika ngome ya Château d'If, juu ya kisiwa kilicho mbele ya bandari. Miaka kumi na minne.

Bibi aliposikia hayo alisema mara moja: “Huyu ana kisima cha Yusuf na jela ya Yusuf, tuone kama ana moyo wa Yusuf.” Wallahi sijasikia mhakiki aliyeifupisha riwaya hii vizuri zaidi, na hapo tulikuwa wiki ya pili.

Sura za gerezani zilitushika kwelikweli. Dantès anakutana na mfungwa mzee, Faria, aliyechimba handaki kwa miaka akitafuta bahari na kutokea katika chumba cha mwenzake. Mzee huyo anamfundisha lugha, hesabu na historia, na anamfumbua macho juu ya nani alimfitini. Vijana waliokuwa wakilalamikia mitihani walikaa kimya kuwasikia watu wawili wakisoma gizani bila kitabu wala taa. Bibi lakini hakutaka handaki wala hazina. Kila Jumatatu aliuliza swali moja: “Na babake anakula nini?” Hatukuwa na jibu, kwa sababu mwandishi mwenyewe alikuwa bado kulitoa.

Jibu lilikuja wiki ya tisa, na zamu ya kusoma ilikuwa yangu.

Hapa sina budi kurudi nyuma miaka sita. Nilikuwa katibu mpya, nimetoka chuoni, nina shahada na haya nyingi mbele ya wazee. Msikiti ulikuwa ukichangisha fedha za paa. Asubuhi moja niliokota barua chini ya mlango wa ofisi, haina jina, ikidai kuwa mweka hazina amekula fedha za mabati. Niliipeleka kikaoni, nikaisoma. Kelele zilipanda. Ukweli ni kwamba fedha zilikuwa zimelipwa dukani kwa muuzaji kama malipo ya awali, na risiti ilikuwa katika faili langu. Nilikuwa nimeiweka humo mwenyewe wiki mbili kabla. Niliikumbuka palepale. Lakini wakubwa watatu walikuwa wamekwisha kusema kwa hasira, na nikaogopa nisije nikaonekana natetea mwizi. Nikasema: “Tusubiri ukaguzi.” Mweka hazina alinitazama, akaweka funguo mezani, akatoka. Ukaguzi ulimsafisha. Tuliandika mstari mmoja katika kumbukumbu za kikao, na hakuna aliyetangaza lolote, ingawa uvumi ulikuwa umekwisha kupita kila nyumba ya mtaa. Tangu siku hiyo anaswali msikiti mwingine.

Tulipoisoma sura ya barua, wiki ya pili, nilimlaani moyoni yule aliyeingiza karatasi chini ya mlango. Nilijiona nipo upande wa waliodhulumiwa. Ni rahisi sana kumchukia Danglars.

Wiki ya tisa ni zamu ya Caderousse, jirani yao, fundi wa nguo. Huyu hakuandika barua. Alikuwapo ilipoandikwa, amelewa, na alijua kuwa ni uwongo. Siku ya kukamatwa alitaka kusema, akaambiwa kwamba mwenye kumtetea mtuhumiwa atahesabiwa mwenzake. Basi akaona bora angoje. Sasa, baada ya miaka mingi, Dantès anamjia amejigeuza padri asitambulike, naye Caderousse anasimulia: jinsi yule baba mzee, aliyekwisha kuzoea njaa hata kabla, kwa kuwa katika faranga 200 alizoachiwa na mwanawe Caderousse mwenyewe alidai 140 za deni, hatimaye alivyojifungia chumbani na kufa kwa kukataa kula. Bibi alipiga kofi goti lake. “Nilijua! Jirani yupo ukuta kwa ukuta!”

Nami nilikuwa nimeshika kitabu, nafasiri. Nilifika mahali Caderousse anapojitetea kwamba yeye hakufanya kitu, alinyamaza tu, na sauti haikutoka tena. Niliomba maji. Maalim akadhani nimechoka, akakichukua kitabu, akaendelea.

Usiku ule nilimweleza mama watoto kisa chote. Kwa miaka sita hakuwa amejua habari ya risiti. Hakunikemea. Aliuliza tu kama duka la yule mzee bado liko palepale.

Sikwenda kesho yake, wala wiki ile. Niseme kweli, nilijificha nyuma ya kitabu. Na kitabu nacho kilikuwa kimeingia katika sehemu yake nzito: kuanzia sura ya 31 tunahamishwa Italia, kwa wageni wapya, majambazi na sherehe za mitaani za Roma. Mwinyi, ambaye sasa ana hazina isiyokwisha, anampokea mgeni pangoni kwa jina la Sindibadi Baharia, jina tulilolijua sote tangu Alfu Lela Ulela, na anamwonjesha hashishi, jambo ambalo Maalim aliliruka kwa kauli moja kavu: “Hapa wanalewa.” Wasomaji walipungua mpaka sita. Sikuwalaumu. Riwaya ya gazetini hujua kujivuta, na kuna kurasa ambazo ningezikata kwa mkasi. Pia hatukupendezwa na Ali, mtumishi Mnubi aliyekatwa ulimi, ambaye kazi yake ni kutii tu. Mjukuu wa mtumwa mweusi angeweza kumpa zaidi ya hapo. Akina mama walirudi kwa ajili ya Haydée, binti wa Ali Pasha wa Janina, mtawala aliyekuwapo kweli na kuuawa mwaka 1822. Vijana walitaka awe Muislamu kama babake. Mwandishi anasema alilelewa katika dini ya mama yake, wakanuna. Lakini alipopanda mbele ya baraza la wakubwa wa Ufaransa na kutoa ushahidi, peke yake, dhidi ya Fernand aliyemsaliti babake na kumwuza yeye utumwani, hakuna aliyenuna tena.

Katika mjadala wa kisasi tuligawanyika. Vijana waliwafurahia maadui kuangushwa mmoja mmoja. Maalim alieleza kwamba kisasi katika sheria kina kadhi, ushahidi na mpaka, na mwenye haki amefunguliwa mlango wa kusamehe. Mwinyi amejipa kazi ya kadhi, ya shahidi na ya mtekelezaji, kisha anadai ametumwa na Mungu. Maneno hayo tuliyaelewa vizuri zaidi wiki ya thelathini na saba. Mipango ya Mwinyi imeitikisa nyumba ya Villefort mpaka mke wake, mtiaji sumu, anajiua na kumuua mwanawe mdogo. Mtoto hakumkosea mtu. Mwinyi anasimama mbele ya maiti ile na kwa mara ya kwanza anatia shaka haki yake mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda dukani.

Yule mzee ni fundi wa kanzu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye benchi, nikamweleza yote, risiti, faili, woga. Hakusimamisha cherehani. Nilipomaliza alikata uzi, akasema: “Risiti ile nilikukabidhi mimi, mkono kwa mkono. Miaka sita namngoja katibu aikumbuke.”

Nikasema: “Mzee wangu, niliikumbuka siku ileile.”

“Hilo nalo nalijua. Niliuona uso wako.” Alivuta kitambaa kingine. “Mimi nilikwisha kusamehe, kwa sababu nataka kulala. Lakini mwombe radhi na huyu.”

Alimwonyesha kijana aliyekuwa akipiga pasi nyuma ya duka. Mwanawe. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliacha madrasa yetu kwa sababu watoto wenzake walimwita “mabati”. Hilo sikuwa nalijua. Nilimwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa, akageuza kanzu upande wa pili, akaendelea kupiga pasi.

Kamati ilichukua vikao viwili kukubali. Wengine waliona tunafukua kaburi. Mwishowe tangazo lilisomwa baada ya swala ya Ijumaa, nikalisoma mwenyewe, pamoja na kosa langu. Mzee hakuwapo, wala sikumtarajia; nilikuwa nimempelekea maandishi ayaone kwanza, kama nilivyompelekea makala haya, na neno moja amelifuta.

Tuliimaliza sura ya 117 mwanzoni mwa Shaaban, watu kumi na mmoja. Bibi hakuridhika na Mwinyi kusafiri mwishoni. Alitaka kwanza alizuru kaburi la babake.

Wiki ile nilipeleka kanzu ya mwanangu ipunguzwe. Kijana ndiye aliyeipokea. Alipima mikono, akaandika, halafu bila ya kuinua macho akauliza: “Huyo mfungwa wenu alitoka?”

Nilikuwa nacho kitabu mfukoni mwa baiskeli. Nikampa.

Hajakirudisha, nami sijakidai. Juzi nilipita kuchukua kanzu, nikakiona chini ya meza ya pasi, kipande cha kitambaa cheupe kimetiwa ndani kuwa alama, kadiri ya robo ya kwanza ya kitabu.