Ndege Wawili wa Msitu wa Amani

Ukitoka Muheza, mkoani Tanga, barabara inapanda mlima kwa kona nyingi. Chini kuna joto la pwani. Juu, Amani, kuna ukungu, mashamba ya chai na msitu mkubwa. Hii ndiyo milima ya Usambara Mashariki.

Nilikwenda kutazama ndege wawili. Wote ni wadogo kuliko shomoro, tena ni wa ukoo mmoja.

Wa kwanza ana kichwa cha rangi ya kutu. Anakaa chini, vichakani. Hushona majani kwa nyuzi za buibui, kisha hujenga kiota chake humo. Fundi huyu hana sindano ila mdomo wake! Ndege huyu yuko pia Uluguru, Udzungwa na Msumbiji. Kwa hiyo hayumo katika hatari kubwa.

Wa pili ni wa kijivu, na mdomo wake ni mrefu. Wataalamu walimwandika mwaka 1931, wakampa jina la Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani. Katika Tanzania anapatikana Usambara Mashariki tu. Jamaa zake walionekana Njesi, Msumbiji, mwaka 1945. Wataalamu wengine sasa wanasema hao ni ndege wa aina nyingine. Huyu wetu, kwa miaka mingi alihesabiwa miongoni mwa ndege wa dunia walio karibu kabisa kutoweka.

Kwa nini? Msitu umepungua, ni kweli. Lakini ndege huyu ana tabia yake. Mti mkubwa ukianguka, jua huingia, na mimea ya kutambaa husongamana. Hapo ndipo anapopenda kutafuta wadudu. Hupenda pia ukingo wa msitu, karibu na chai. Nasi wakulima tukiona mimea iliyosongamana, tunasema ni uchafu. Tunafyeka.

Mzee aliyenipokea alicheka kidogo nilipomweleza hayo.

"Mwanangu, hata mimi nimefyeka sana," alisema. "Nilidhani nasaidia miti."

"Na sasa, mzee?"

"Ukingo wangu wa juu nimeuacha. Twende ukaone."

Jioni ile hatukuona kitu. Tulisikia sauti kali ikirudiarudia, na nyingine ikajibu. Kesho yake tulirudi saa kumi na mbili asubuhi. Tulimwona, kwa muda mfupi tu, ndani ya mimea ile ambayo mzee hakuifyeka.