Mchoraji Miongoni mwa Mafundi

Watu wengi hudhani kuwa chombo cha baharini ni kazi ya fundi peke yake: apime, akate, apigilie misumari, basi kimekwisha. Mimi ni mchoraji. Likizo ya Agosti 2025 nilifanya kazi Ras Kitau, ile ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, nikiwa mchoraji pekee kati ya mafundi watano. Nimeona ni vyema niwaeleze wanachama wenzangu niliyoyapata huko, maana yanatuhusu sote tupendao kalamu na brashi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mashua iliyokuwa ikivuja. Ilivutwa ufuoni wakati wa bamvua, maji yalipotoka ikabaki mchangani. Mafundi waling'oa pamba kuukuu iliyokuwa katikati ya mbao, wakatia kalafati mpya kwa pamba iliyolowa mafuta. Ubao uliooza waliuondoa, wakachonga mwingine kwa tezo. Hawakuwa na mchoro wala karatasi. Fundi mkuu alipima kwa jicho na kwa uzi tu, na ubao ukaingia mahali pake kama kidole kwenye pete. Wallahi, ule ni uhandisi!

Mimi nilikuwa na kazi tatu: kupiga mstari wa rangi ubavuni, kuandika jina la chombo, na kuchora macho mawili kule omo. Lakini kila asubuhi niliambiwa, "Wewe ngoja." Mbao hazijakauka, ngoja. Deheni haijapakwa, ngoja. Nikawa nachemsha chai na kufagia maranda. Fundi mmoja akanitania, "Rangi haizuii mai, mwanangu!" Wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini moyoni yaliniuma, kwa sababu ndiyo maneno tuyasikiayo nyumbani na hata shuleni: mwenye akili asome fizikia, aliyeshindwa achore picha.

Hata hivyo, kungoja kule kulinifunza. Nilijua ubao gani hunywa rangi na upi huitema. Fundi mkuu alinionyesha deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, inapokomea, nami nikaupiga mstari wangu papo hapo juu yake. Mstari huo ukizama, nahodha ajua kuwa amepakia kupita kiasi. Kumbe ni kweli rangi haizuii maji, lakini humwonya mtu kabla maji hayajaingia.

Mfano mkubwa zaidi tunao hapa hapa kwetu. Chombo kiitwacho FlipFlopi kiliundwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyotumika, kikashushwa majini Septemba 2018. Kina urefu wa mita 9 hivi, na kilikula takriban tani 10 za plastiki. Kuichonga plastiki iwe mkuku na mataruma si mchezo, na mafundi wale wanastahili sifa. Lakini ubavu wa chombo hicho ulifunikwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, za kila rangi. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, kikihubiri habari ya taka baharini. Naamini mtu aliyesimama ufuoni hakuitwa na mataruma, maana hayaonekani. Aliitwa na zile rangi, kisha ndipo akauliza. Mafundi walikifanya kielee, rangi ikakipa ulimi.

Siku ya malipo ilipofika, mwenye mashua aliwahesabia mafundi ijara yao. Mimi akaninyoshea chupa ya soda. "Wewe si ulikuwa ukicheza na brashi tu?" Nikakosa la kusema. Fundi mkuu akamjibu kwa upole, "Bwana, chombo kisicho mato kitaionaye ndia? Na kikiwa mbali kule, watu wako watakijuaje kuwa ni chako?" Yule bwana akanyamaza, akaitazama mashua yake, kisha akatia mkono mfukoni. Nilipata nusu ya ijara ya fundi mmoja. Nusu si haba, lakini si haki kamili.

Walimu wetu wapendwa, mwanafunzi anapochagua mkondo wake, tafadhali msimwambie kuwa sanaa ni ya waliofeli. Nawe mchoraji mwenzangu, ukijikuta kati ya mafundi, jifunze kazi yao kabla ya kutaka wajue yako, na upatane ijara kabla hujachovya brashi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini aliyekifanya kiwe kizuri naye ana njaa.