Karatasi za kufungia mandazi

Jumapili, 8 Oktoba 2023
Leo nilikuwa Kawangware kwa dada. Alinifungia mandazi sita ya watoto, nikarudi kwa miguu: nikavuka Ngong Road, nikapitia Jamhuri, nikatokea Ayany hadi hapa Gatwekera, Kibera. Nilipofungua, mafuta yalikuwa yamelowanisha karatasi na maandishi ya ndani yakajitokeza. Juu kuna nembo ya kiwanda chetu cha rangi. Chini yake jina la mtu, namba ya kitambulisho, namba ya simu, halafu matokeo ya kupimwa damu: madini ya risasi, 38. Tarehe ni Machi 2017. Pembeni kuna muhuri mwekundu wa siri, nami naujua vizuri kwa sababu unakaa kwenye droo yangu.

Mwenye jina namjua pia. Ni mchanganyaji rangi, na nyumba yake ni ya tano kutoka kwangu kwenye ploti hii hii.

Watoto wamekula. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 9 Oktoba
Nilitoka saa kumi na moja alfajiri, nikafuata reli na wenzangu wa Laini Saba mpaka Industrial Area. Njiani nilikuwa naye, huyo jirani, akisimulia habari za tumbo linalomkata na karo ya binti yake. Nilitembea naye hatua kwa hatua, karatasi yake ikiwa mfukoni mwangu, nisimwambie neno.

Kazini niliangalia ushoroba wa nyuma ya ofisi. Maboksi hayapo. Tulipohama chumba mwezi Juni, mafaili ya zamani yaliwekwa hapo "kwa siku mbili tatu". Mashine ya kukatakata karatasi imeharibika tangu mwaka jana. Ufunguo wa kabati tulilobaki nalo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya kalenda, na kila anayekuja kuomba chai anajua. Kila Jumamosi mnunuzi wa karatasi kuukuu huja na mkokoteni na mizani yake, anapima, analipa, anaenda.

Fomula za rangi ni habari nyingine. Ziko kwenye sefu ya mkurugenzi, na kuifungua lazima watu wawili watie sahihi. Sijawahi kusikia hata ukurasa mmoja wa fomula umepotea katika miaka yangu kumi na moja hapa.

Jioni nilimwomba soja kitabu cha getipasi. Jumamosi ya tarehe 23 Septemba: "Karatasi kuukuu, magunia 7." Sahihi ni yangu. Sikufungua hata gunia moja.

Jumatano, 11 Oktoba
Nilipanda matatu ya 46 hadi Kawangware baada ya kazi. Nikamweleza dada yote, akakaa kimya, mkono ukiwa bado kwenye unga. Halafu akasema, "Ndugu yangu, wewe ulitaka nifungie nini? Mifuko ya plastiki walipiga marufuku 2017. Kaki ni pesa. Andazi ni shilingi kumi."

Ana haki. Gunia alilinunua kwa jamaa wa Gatina kama anavyonunua kuni. Nusu lilikuwa limekwisha: mandazi, njugu, viazi karai vya mama wa kibanda cha jirani. Tuliketi na taa tukatenga zilizobaki. Risiti, orodha za bei, barua za likizo. Fomu za damu zilikuwa 40, na yangu ya Jumapili ikawa ya 41. Nyingine zina alama za vidole vya mafuta, na moja mtoto wa dada alikuwa ameikunja ndege.

Dada aliuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwake: "Hizi namba si ndizo wanazotaka wale wa mikopo ya simu?" Ndizo. Jina kamili, kitambulisho, simu na sahihi ya mtu vikiwa pamoja kwenye karatasi moja, tapeli hahitaji kubahatisha.

Ijumaa, 13 Oktoba
Nimemwambia meneja. Nilienda na nakala ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nimeichapisha saiba. Habari za afya za mtu sheria inaziita data nyeti. Zikivuja na kuhatarisha mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu aliyezitunza ajue. Faini inaweza kufika milioni tano. Nilimkumbusha kwamba mwezi uliopita tu Kamishna Immaculate Kassait aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Uthiru ni pua na mdomo na Kawangware.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Kisha akasema: "Zilete zote Jumatatu. Tuzichome, yaishe."

Nilimuuliza kama wenyewe waliwahi kupewa majibu yao. Akaniambia hayo yalikuwa ya siri.

Jumanne, 17 Oktoba
Sikuzipeleka jana, wala leo. Ziko chini ya godoro, zimefungwa kwenye gazeti. Saa 72 zilikwisha jana na hakuna barua iliyotoka ofisini.

Neno lile la meneja halinitoki. Muhuri ule mimi mwenyewe niliupiga, karatasi baada ya karatasi, nikiamini namlinda mfanyakazi asijulikane ugonjwa wake. Kumbe aliyefichwa ni yeye. Mwenye damu hakuonyeshwa kwa miaka sita, na mla njugu wa Kawangware ameonyeshwa bila kuomba.

Ijumaa, 20 Oktoba, Mashujaa Dei
Hakuna kazi. Asubuhi nilikaa na mzee wa Makina anayetengeneza viatu karibu na msikiti. Redio yake ilikuwa ikitangaza sherehe za Kericho, naye akaanza habari za wazee wa Mau Mau waliokwenda mahakamani London.

Kesi ile niliifuata sana wakati wake. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali huru zisikabidhiwe nyaraka ambazo zingeiaibisha Uingereza. Nyingine zilichomwa, na maagizo yalisema hata majivu yapondwe. Nyingine ziliruhusiwa kuzamishwa baharini ndani ya masanduku mazito. Mafaili ya Kenya yapatayo 1,500 yalipakiwa kwenye ndege 1963, yakaja kukiriwa 2011 kuwa yamefichwa Hanslope Park, Uingereza, pamoja na ya makoloni mengine, jumla karibu 8,800. Ndani yake mlikuwa na habari za mateso ya kambini ambazo wazee walikuwa wakizieleza miaka yote bila kusadikiwa. Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wazee 5,228; pamoja na gharama za kesi, jumla ilikuwa pauni milioni 19.9.

Mzee aliacha kushona. "Zile walizochoma je? Wenye habari zao walilipwa na nani?"

Nimerudi nyumbani nikijua sitachoma.

Jumapili, 22 Oktoba
Nilibisha kwa jirani baada ya kanisa. Mkewe akanikaribisha chai. Nilimpa karatasi yake na doa lake la mafuta, nikamwambia nilivyoipata, na kwamba getipasi niliitia sahihi mimi. Aliisoma mara mbili.

"Thelathini na nane ni nyingi?"

Nikamweleza kwamba Shirika la Afya Duniani linasema mtu akifika mikrogramu 5 tu kwa desilita, chanzo kitafutwe na kizuiwe. Nikamweleza habari za Owino Uhuru, Mombasa, na Phyllis Omido, aliyeajiriwa na kiwanda cha huko cha kuyeyusha betri 2009 kisha mtoto wake mwenyewe akapatikana na risasi mwilini. Nilimwambia akapimwe tena, aende na karatasi hii, na kwamba sheria inampa haki ya kuona faili lake lote.

Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja: kama vumbi lile la manjano alilokuwa akilileta nyumbani kwenye ovaroli lingeweza kuwaingia watoto. Mkewe ndiye anayezifua.

Nilimjibu ukweli, kwamba lingeweza.

Jumatatu, 23 Oktoba
Malalamiko yameshafika Ofisi ya Kamishna wa Data, yenye jina langu na nakala ya getipasi. Ufunguo nimeutoa msumarini. Jirani ameomba ruhusa Alhamisi, ataenda hospitali na watoto wote watatu.

Fomu zilizobaki ni 40. Kumi na mbili ni za watu wa Kibera. Kesho nikitoka kazini naanzia Laini Saba.