Kumpasha Mkuu Habari ya Kazi

Kijana aanzaye kazi ya serikali hujua kusalimu kabla ya kujua kutoa taarifa. Humwamkia mkuu wake kwa adabu, huitika "naam" hata kwa jambo asilolielewa, na aulizwapo kazi inakwendaje, hujibu kwamba inaendelea vizuri. Jibu hilo lina heshima tele, lakini halina idadi, halina siku wala mahali. Mkuu huondoka nalo mikono mitupu akidhani amepewa kitu.

Jambo hili huonekana waziwazi Mohoro, katika bonde la Rufiji, ambako maji ndiyo yenye kalenda. Mto ukifurika huweza kuuzamisha mpunga. Maji yakipungua huacha tope lenye unyevu, na humo wakulima hupanda mazao ya kilimo wakiitacho mlau. Unyevu huo haumngoji mtu. Mbegu ikichelewa majuma machache, msimu umepita.

Na afikiriwe afisa ugani aliyetoka chuoni karibuni akapangiwa kata hiyo. Mafuriko yamepita, naye ametakiwa kuwafikia wakulima 60 na kuandika mahitaji yao ya mbegu. Amewafikia 41. Waliobaki, 19, wako ng'ambo ya maji, na fedha ya kukodi mtumbwi hana. Mkuu wake yuko Utete, makao makuu ya wilaya. Kijana huwaza hivi: akisema ameshindwa, ataonekana mvivu, akinyamaza, huenda maji yakakauka, akawamaliza wote, ndipo apeleke habari iliyokamilika na yenye kupendeza. Woga huo si upumbavu. Hajathibitishwa kazini, na nyumbani kwao yuko mama anayeuhesabu mshahara wake kabla haujatoka. Lakini siku za ukimya wake hazilipwi kwa mfuko wake. Hulipwa na wale 41 ambao orodha yao imelala mkobani huku tope likikauka.

Taarifa njema ingekuwa fupi: "Kati ya wakulima 60 nimewafikia 41. Waliobaki wako ng'ambo, nami sina nauli ya mtumbwi. Nikiipata kabla ya Ijumaa, orodha itakamilika Jumanne. Nisipoipata, naomba mbegu za hawa 41 zitangulie." Hapo hapana pambo wala kujitetea. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kupita zote, kwa kuwa humpa mkuu jambo la kuamua wakati uamuzi bado una faida. Wengi hudhani mkubwa hutaka kusikia kwamba kazi imekwisha. Kumbe anachohitaji zaidi ni kujua imekwama wapi.

Mohoro inaujua ukimya wa namna nyingine, ulio mzito zaidi. Tangu mwaka 1902 utawala wa Wadachi ulilazimisha mashamba ya pamba, yakisimamiwa na maakida na majumbe, na ujira wake ulikuwa mdogo hata mahali pengine watu waliukataa. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, vita vya Majimaji vikaanza. Na tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale alinyongwa papo hapo Mohoro. Haingekuwa haki kusema kwamba taarifa nzuri ingevizuia vita vile, kwani dhuluma haiondolewi kwa barua. Lakini utawala unaotaka kuletewa habari za pamba tu haushangazi ukiwa wa mwisho kujua kwamba watu wamechoka.

Siku hizi serikali ina vyombo vya kupima kazi. Fomu za OPRAS zililetwa mwaka 2004, na katika mwaka wa fedha 2023/24 mfumo wa PEPMIS, utumiao kompyuta, ukachukua nafasi yake. Ni vyombo vya maana, ila kijana asidhani kwamba akivijaza amekwisha sema na mkuu wake. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, hayakungoja tathmini ya nusu mwaka.

Iko na sehemu ya mkuu, nayo husahauliwa mno. Afokaye aletewapo habari mbaya huwafundisha vijana wake kusema uongo, kisha mwisho wa mwaka huwalaumu kwa somo alilowafunza mwenyewe.

Yule kijana wa Mohoro ana simu mkononi, na jioni ni mapema bado. Ujumbe wake hauzidi mistari minne. Akiutuma, na ikiwa mtu aliyeko Utete ni mkuu wa kweli, swali la kwanza litakalorudi halitakuwa kwa nini hakumaliza. Litakuwa mtumbwi unakodishwa kwa shilingi ngapi.