Salamu za Wapanda Pikipiki Njia ya Isiolo

Zamani Isiolo ilikuwa mwisho wa lami na mlango wa nchi ya Kaskazini. Mbele yake palikuwa na mawe na vumbi, karibu kilomita 500 hata Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Katika miaka ya 2010 lami ilifika Moyale. Lakini jua na ukame havikuondoka pamoja na mawe.

Njia hiyo hupitwa na vijana wa bodaboda, na wageni pia wasafirio toka Cape Town kwenda Cairo. Wakutanapo husalimiana, ingawa hawajuani. Mkono wa kulia hushika breki na kuongeza mafuta, basi huinuliwa wa kushoto. Mjini Isiolo, penye Waislamu wengi, mkono wa kushoto si wa salamu. Lakini njiani husameheka, maana aliyepungiwa anajua sababu. Wengine huinamisha kichwa tu, kama ilivyo desturi huko Uingereza. Nchini Ufaransa mpanda pikipiki hunyoosha mguu kumshukuru aliyempisha.

Lakini salamu ina deni lake. Mtu akiharibikiwa baina ya Archer's Post na Laisamis, huenda asione kivuli wala fundi. Amwonaye hupunguza mwendo na kuuliza: je, ni gurudumu, ni mafuta, au ni mapumziko tu? Maji hutangulia, kisha spana.

Aliyeinua mkono asubuhi, na jioni akampita mwenzake amekwama juani, salamu yake ilikuwa upepo mtupu.